Mjadala: Tetemeko likivunja makumbusho ya sanaa, alipe mlipakodi au mfadhili?

Mwanzisha mada: Nianze na Makumbusho ya de Young, San Francisco. Tetemeko la Loma Prieta, Oktoba 17, 1989, liliyaacha yakishikiliwa na viunzi vya chuma. Mwaka 1996, kisha 1998, wapigakura waliombwa kuruhusu jiji kuuza hatifungani, yaani kukopa na kulipa kwa kodi, ili kupata fedha za ujenzi. Mara zote mbili waliokubali walizidi nusu, lakini sharti lilikuwa theluthi mbili, kwa hiyo maombi yakaanguka. Bodi ikawageukia wafadhili binafsi, na Oktoba 2005 jengo jipya la takriban dola milioni 200 likafunguliwa. Msimamo wangu: hiyo ndiyo njia ya haki. Tetemeko lile lile huvunja shule, hospitali na mabomba ya maji. Kodi iende huko kwanza, sanaa ichangiwe na wanaoipenda.

Mkadiriaji Majenzi: Napinga, na sababu yangu iko chini ya sakafu. Mfadhili hupenda ukumbi wenye jina lake mlangoni. Msingi hauna pa kubandika jina, na ndiko fedha inakomezwa. De Young mpya limekalia vitelezi na vifyonza mtikisiko vya majimaji, liweze kusogea hadi sentimita 91 bila kupasuka. Fedha ikipungua katikati ya mradi, vitu vya aina hiyo ndivyo vya kwanza kupendekezwa vipunguzwe, kwa kuwa havionekani.

Tazameni Christchurch, New Zealand. Jumba la sanaa la jiji lilifunguliwa 2003, na baada ya tetemeko la Februari 22, 2011 likawa makao ya shughuli za uokoaji. Kwa macho lilikuwa zima, hata vioo vyake vya mbele. Kumbe ardhi chini yake ilikuwa imetitia bila ulinganifu. Ilibidi kudunga mchanganyiko wa saruji ardhini ili kuliinua na kulisawazisha, kisha kukata nguzo za chini moja moja, kila moja ikiwa imeegemezwa kwa jeki, na kupachika vitako vya kupunguza mtikisiko. Likafunguliwa tena Desemba 2015. Wananchi nao walichangishana mwaka 2013 wakanunua sanamu ya Michael Parekowhai ya fahali aliyesimama juu ya piano. Mgawanyo huo ndio naoutetea: halmashauri na bima wabebe jengo, wachangiaji wabebe sanaa.

Mwanzisha mada: Halmashauri ya Christchurch ilikuwa na uwezo na jengo lilikuwa na bima. Pasipo bima, nani ataushika huo msingi?

Mhasibu wa Miradi: Hata ukimpata mfadhili, ahadi si fedha. Tuseme mmeahidiwa bilioni 10, zilipwe kwa miaka mitano. Mnapokea bilioni 2 kwa mwaka, lakini mkandarasi anamaliza kazi yote ya bilioni 10 kwa miezi 24 na hati zake za malipo zinakuja kila mwezi. Mwisho wa mwaka wa pili mna bilioni 4 mkononi na deni la bilioni 6. Mkopo wa kuziba pengo una riba, na riba hiyo haimo kwenye tangazo la harambee. Kwa jengo la zamani ongezeni akiba ya dharura ya asilimia 15 hadi 20, maana nyufa za ndani ya kuta huonekana lipu ikishabanduliwa.

Na kusudi la mchango liandikwe. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, michango ilikusanywa kwa jina la maafa. Serikali ilipoielekeza kwenye miundombinu ya umma kama shule, waliotarajia kujengewa nyumba walilalamika sana. Ugomvi wa namna hiyo unazuilika kwa sentensi mbili kwenye fomu.

Mhifadhi Sanaa: Mnahesabu zege tu. Siku ya kwanza gharama ni picha zenyewe: masanduku, magari, ghala lenye unyevu usiopandapanda, karibu asilimia 50, walinzi usiku na mchana. Picha iliyochorwa juu ya ubao hupasuka unyevu ukishuka ghafla. Ghala hilo linalipiwa miaka yote ya ujenzi, minne, mitano, na hakuna mfadhili anayeomba kupigwa picha mbele ya kodi ya ghala. Halafu jengo lililoegemezwa kwa viunzi haliaminiwi na wenye kuazimisha kazi zao, kwa hiyo maonyesho makubwa hayaji na mapato ya viingilio yanashuka wakati mnayahitaji zaidi. Kusubiri matajiri wakubaliane kuna bei yake. San Francisco ilichukua miaka 16 tangu tetemeko, kura zikiwamo.

Mkadiriaji Majenzi: Basi utaratibu uwe huu: ripoti ya mhandisi na vipimo vya udongo kabla ya kutaja kiasi chochote hadharani. Kodi au bima ilipie msingi na nguzo. Harambee ianze msingi ukishakuwa na mlipaji.

Mwanzisha mada: Kwa kodi bado nasema hapana, hadi wapigakura waseme wenyewe. Ila hili la fomu nalikubali, na naongeza kifungu: asilimia 10 ya kila mchango iende kwenye mfuko wa wakfu wa kutunza jengo, na mchangiaji aisome kabla hajatia saini.

Mhifadhi Sanaa: Na kodi ya ghala iandikwe kwa jina lake. Isifichwe ndani ya "gharama nyinginezo".