Majirani Njiro – Safari ya Natron

Mama Neema: Habari za jioni majirani. Shikamoo Babu Mollel. Safari ya Ziwa Natron mwezi wa saba iko palepale na magari ni manne, sasa hili la mawasiliano tuliamue mapema jamani maana safari ile nyingine tukishaiacha Engaruka hakuna aliyejua mwenzake yuko wapi

Babu Mollel: Marahaba mama. Mimi nilikuwa gari la nyuma, nimekula vumbi la watu wote

Frank: Rahisi tu, kila mtu apakue Zello kwenye simu unabonyeza unaongea, bure kabisa

Baba Glory: Dogo hiyo Zello inatumia nini

Frank: Bando

Baba Glory: Na bando linatumia nini

Frank: 🙈 mnara

Anko Saidi: Hahaha chalii angu. Mto wa Mbu utaongea, Selela utaongea, Engaruka pia, ukishatoka hapo mtandao unakuja na kupotea mpaka ukaribie Engare Sero. Na zile redio kol mpya zenye laini ya simu ndani ni yaleyale, muuzaji anakwambia inafika nchi nzima, ndio, penye mnara. Pale inatakiwa simu ya upepo kabisa, gari kwa gari, haipiti kwa mtu

Anna Houston: Hamjambo wote. Mi natua mwezi wa sita, huku madukani redio ndogo za mkononi zipo zimeandikwa maili 35, nibebe pea mbili?

Baba Glory: Beba shem! Af mi nina pea moja tuliletewa kutoka Ujerumani, tunachanganya tunapata za magari yote

Anko Saidi: Msichanganye hazitaongea. Za Ujerumani ziko megahezi 446, za Marekani ziko 462 na 467, hata wote mkiweka chaneli namba moja hamkutani kwa sababu namba moja ya huku siyo namba moja ya kule. Af hizo za Ulaya ni nusu wati na antena haifunguki, imetengenezwa hivyo makusudi, sasa ukishafunga mlango wa gari lile bati linakula sauti, ongeza na tinti zile zenye madini ndio kabisaa. Na Anna, huko hizo ndogo hazidai leseni ila hapa masafa anagawa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na chombo chenyewe lazima kiwe kimepitishwa nao, ruhusa ya Marekani haivuki na wewe airport

Anna Houston: Sawa Anko sibebi. Ila maili 35 si kama kilometa 56, hata robo yake ingetutosha

Anko Saidi: Hiyo ni mmoja kilele cha mlima mwingine chini tambarare wanaonana, katikati hamna hata mti. Haya mawimbi yanakwenda mnyoofu, kilima kikikaa kati kwisha habari. Ya mkononi ukiwa umekaa nayo ndani ya gari we hesabu kilometa moja mbili hivi. Redio hiyohiyo, wati zilezile, itolee antena juu ya paa utashangaa. Ndio maana mi nikienda dukani siulizi inafika kilometa ngapi, nauliza antena inafunguka?

Mama Neema: Na sisi kwani tunahitaji umbali gani hasa?

Anko Saidi: Vumbi la kule lina majivu ya volkano ya Lengai mama, ni jepesi linaning'inia, siku haina upepo gari la pili linaachia kilometa nzima ndio dereva aone njia. Kwa magari manne wa kwanza na wa mwisho wanaweza kuachana kilometa tatu nne. Wa mbele ndio macho ya wote, anasema korongo hapa pitia kushoto, ng'ombe wanavuka, lori linakuja msiovateki, maana we wa nyuma unaona ukuta mweupe tu. Kazi ya redio ni hiyo. Kuita msaada Arusha haiwezi, kwa hilo tuache ratiba kwa mtu wa nyumbani na anayeweza kuazima simu ya setilaiti aazime

Frank: Basi Baofeng UV-5R!! wati 5, masafa ya VHF na UHF yote, antena inafunguka, na bei chee

Anko Saidi: Inafunguka kweli, na si redio mbaya. Shida yake inafungua kuanzia megahezi 136 mpaka 174 yote, unaweka namba yoyote iliyokujia kichwani, na humo kuna makampuni ya utalii na watu wengine wanalipia masafa yao. Mtu anaita gari lake limekwama na mgonjwa, wewe umekaa juu yake unauliza nani ana maji ya kunywa

Baba Glory: Si kuna zile code za siri, mkiweka namba yenu hakuna anayewasikia

Anko Saidi: Hapana baba. Zile code ni toni tu, zinaziba masikio yako usisikie wengine, wao wanakusikia vizuri tu. Tena ndio hatari zaidi, unamkanyaga mtu na wala hujui

Babu Mollel: Mimi naomba kitu kimoja. Isiwe na vimenyu. Macho yangu hayasomi vile vioo nikiwa naendesha

Anko Saidi: Babu umeongea la maana kuliko wote. Tunachukua za kazi, zisizo na kioo, kitufe cha kuzungusha juu chaneli 1 mpaka 16, fundi ameshaprogramu, hakuna wa kuchezea. Kuna duka mjini lina leseni ya TCRA, wao wanauza na maombi ya masafa wanayasimamia, ndio maana nawaambia tuanze sasa hivi tusingoje wiki ya safari. Mapendekezo yangu gari la mbele na la nyuma yafungwe redio za kwenye gari zenyewe, zile za wati 25 zinakula umeme wa betri moja kwa moja, ya pili na ya tatu wachukue za mkononi na antena ya sumaku juu. Zote VHF, kule ni wazi inakwenda vizuri. Na za mkononi ziwe zinachaji kwa USB, siyo zile za kikalio mpaka utafute soketi ya ukutani

Baba Glory: Antena ya sumaku kwangu imekaa vipi? Jana nimejaribu sumaku ya friji kwenye paa la Defender imedondoka 😅

Anko Saidi: Haikamati, Defender bodi ni alumini. Ipeleke kwa fundi aifungie kibati cha chuma kwenye karia, kipana kama sahani, sumaku inakaa hapo. Na waya upite kwenye mpira wa mlango usiubane

Mama Neema: Jamani na ile ya kitufe kukwama je. Baba Glory aliikalia ile redio ya kuazima tukasikilizishwa anavyosema wali wangu wa maharage umekosa nazi, na hakuna aliyeweza kumjibu

Baba Glory: Mama Neema si nilishaomba msamaha 😭

Anna Houston: 😂😂😂

Anko Saidi: Aliyekwama kitufe anaziba njia ya wote, ndio maana wa mbele alikuwa haitiki. Fundi ataweka kikomo, ukishikilia sekunde sitini inakata yenyewe. Na ile ya kujiwasha kwa sauti izimwe, injini tu inaiamsha. Af ukibonyeza subiri kidogo ndio uongee, la sivyo neno la kwanza linamezwa, unasema "usipite kulia" watu wanasikia "pite kulia"

Babu Mollel: Hiyo ya mwisho uiandike tubandike kwenye dashibodi

Frank: Ntaprinti. Na watoto?

Mama Neema: Watoto wataongea tukifika kambini. Njiani hapana

Baba Glory: Naungana

Mama Neema: Basi mchango ni sawa kwa kila gari, Anko akishaleta bei kamili ya duka. Frank unakwenda naye

Frank: Jumamosi wanafunga saa ngapi Anko?

Anko Saidi: Saa saba. Tukutane saa nne pale getini, na Baba Glory lete Defender tupitie kwa fundi palepale