Je, mhadhiri apandishwe cheo kwa idadi ya mara alizorejelewa?

Mtoa mada, Kisumu

Wenzangu, rafiki yangu anafundisha baiolojia ya molekuli katika chuo kimoja cha umma huku kwetu magharibi. Juzi kamati ilimrudishia faili: makala zake hazijarejelewa vya kutosha. Hakuna aliyemuuliza zinasema nini.

Kipimo walichokitumia kinaitwa h, na kilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa California. Ukiwa na h ya 12, una makala 12 ambazo kila moja imetajwa katika makala nyingine angalau mara 12. Basi.

Tuangalie fani yenyewe. Makala iliyorejelewa kuliko zote katika sayansi ni ya Oliver Lowry na wenzake, ya mwaka 1951, zaidi ya mara 300,000. Inafundisha namna ya kupima kiasi cha protini katika sampuli. Inayoifuata, ya Laemmli ya mwaka 1970, inahusu kutenganisha protini kwenye jeli. Ni kazi za maana sana, lakini zinatajwa kama fundi anavyotaja futi aliyopimia. Na ile ya Watson na Crick ya mwaka 1953, iliyoonyesha umbo la DNA? Jarida la Nature lilipopanga makala 100 zilizorejelewa zaidi, mwaka 2014, haikuwemo. Umbo la DNA limeshaingia katika vitabu vya shule za upili, nani atalitajia chanzo? Ugunduzi ukishakuwa mali ya wote, hesabu yake husimama. Tena anayechunguza ugonjwa unaosumbua nchi chache ana wenzake wachache wa kumtaja, hata akifanya kazi safi namna gani.

Mimi nasema namba hii isimnyime mtu cheo.

Mhadhiri msaidizi, Kakamega

Mpe pole rafiki yako, lakini nakupinga. Ukiiondoa namba unaweka nini? Nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi nikisubiri usaili, nikasikia watu wakiulizana huyu ni wa wapi na nani anamjua. Namba haiulizi jina la pili la mtu. Mimi sina mjomba kwenye kamati yoyote. Nina makala zangu tu. Ninyi wenye majina mnaweza kusema "isomwe kazi," lakini isomwe na nani? Na wale wale?

Mtafiti wa ngano, Njoro

Naongeza jambo ambalo halijaguswa. Ile kutu ya shina, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngano, aina iitwayo Ug99, iliyoanzia kuonekana Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, ndiyo inayofanya ngano za nchi nyingi ziletwe Njoro zipimwe. Mtu anatembea shambani mstari kwa mstari, anakadiria sehemu ya shina iliyoshambuliwa, anaandika. Mbegu ikistahimili, mkulima anaipanda na maisha yanaendelea. Mkulima harejelei makala. Kwa h, mzalishaji mbegu aliyeokoa mavuno anaweza kuonekana mzembe kuliko aliyeandika mapitio ya kazi za wengine, kwa sababu mapitio hutajwa sana.

Mtoa mada, Kisumu

Wa Kakamega, hilo la benchi limenikaa rohoni, na sitaki nikurudishe pale. Pendekezo langu ni hili: mwombaji achague makala 5 anazozionea fahari. Zisomwe na watu watatu wa nje ya chuo, mmoja wao wa nje ya nchi. Kila mmoja aandike sababu zake na mwombaji apewe nakala, ili akionewa awe na cha kushika mkononi. Wanabaiolojia wa seli walikutana San Francisco mwaka 2012 wakatoa azimio kwamba kazi ipimwe yenyewe, si kwa sifa ya jarida lililoichapisha. Vyuo vingi duniani vimelitia sahihi.

Mhadhiri msaidizi, Kakamega

Wasomaji wa nje na sababu za maandishi, hapo tuko pamoja. Lakini namba ibaki kwenye faili, ukurasa wa kwanza. Siku kamati itakapompita mwenye h ya 15 ikamchukua mwenye 3, iandike kwa nini, na sote tusome.

Mtafiti wa ngano, Njoro

Na anayetembea shambani je, ataingia kwenye faili la nani?