Mdogo wangu anakunywa maji kupita kiasi, naombeni ushauri

Dada wa Sikonge: Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu, miaka 29, anakunywa maji mno. Dumu la lita tano haliioni jioni, na usiku kucha yuko njiani kwenda chooni. Suruali zinamvuka. Asubuhi tunampa asali kwa maji ya vuguvugu, lakini wapi. Nimpe dawa ya minyoo, au kuna mzizi wa kusafisha figo?

Ng'wana Igunga: Asali ya wapi hiyo? Siku hizi wanachemsha sukari wanaita asali. Tafuta ya mizinga ya porini, haina madhara.

Zamu ya Usiku: Hata ya porini, kijiko kimoja cha chakula kina gramu 17 hivi za sukari. Simamisha kwanza. Dada, akikojoa nje sisimizi wanajaa? Na anatumia dawa gani?

Dada wa Sikonge: Sisimizi wapo. Dawa kuna vidonge alikuwa anapewa, ila si vya sukari.

Zamu ya Usiku: Jina liko nyuma ya karatasi ya vidonge. Liandike.

Dada wa Sikonge: Olanzapini, miligramu 10, usiku. Ana ugonjwa wa akili. Sikutaka kuandika, maana watu wakisikia hilo hawasikii lingine. Na vidonge nimemwachisha wiki iliyopita. Vilimnenepesha sana, sasa anapungua, nikaona mwili unajirudi. Mbona ametulia tu.

Baba Wawili: Hayo mambo ni maombi, dada. Vidonge vinafunga akili ya mtu.

Zamu ya Usiku: Maombi yaendelee, na damu ipimwe. Kati ya dawa za akili, olanzapini na klozapini ndizo zinazoongoza kwa kuongeza njaa, uzito na sukari. Haloperidoli ina nafuu upande huo. Aliyenenepa kwa dawa, kisha akaanza kukonda huku anakunywa maji na kukojoa, hajapona unene. Sukari inapotea kwenye mkojo na mwili unakula mafuta yake. Hawa wanachelewa kugundulika kwa sababu kila dalili inasukumiwa ugonjwa wa akili: akinywa maji, "ndiyo kichaa chake", akilala mchana, "ni vidonge". Ni kweli wapo wagonjwa wa akili wanaokunywa maji kupindukia bila kisukari, ila huwezi kuwatofautisha kwa macho. Utulivu wake usikudanganye: ugonjwa wa akili unaweza kurudi wiki kadhaa baada ya kuacha dawa.

Mchunguzi: Uzi wa kutunga huu. Subirini, itawekwa namba ya muuza mitishamba.

Dada wa Sikonge: Sina ninachouza, ndugu. Nimetoka naye zahanati sasa hivi. Sukari imesoma 19.4 mmol/L. Alikuwa ametoka kula embe.

Mchunguzi: 19.4 na anatembea kwa miguu yake? Hadithi.

Duka la Dawa Ipuli: Anatembea vizuri tu, sukari ikipanda polepole mwili unazoea. La kuhoji ni embe: utomvu na maji yake kidoleni hupandisha kipimo kwa uongo. Anawe kwa sabuni, akauke, tone la kwanza lifutwe, apimwe tena. Mwenye dalili kama zake, 11.1 kwenda juu saa yoyote inatosha kuitwa kisukari. Asubuhi, akiwa amekaa muda wa saa nane bila kula, ni 7.0.

Dada wa Sikonge: Amenawa. 18.7. Sasa si ndiyo sababu ya kuviacha kabisa?

Zamu ya Usiku: Hapana. Kuacha hakushushi hiyo 18.7 kwa haraka, na akichanganyikiwa nani atamshika anywe dawa ya sukari? Daktari wa akili ndiye wa kumrudishia dawa au kumbadilishia nyingine taratibu. Kesho mapema mpeleke hospitali ya mkoa, Kitete, apimwe ketoni kwenye mkojo (tindikali inayotokana na mwili kula mafuta yake), figo, presha na uzito. Figo zikiwa salama na ketoni hazipo, mara nyingi wanaanza vidonge vya sukari, metformini miligramu 500 pamoja na chakula, ili tumbo lisisumbue, kisha wanapandisha. Ketoni zikiwepo ni insulini na kulazwa. Ila usiku huu akitapika, akihema kwa nguvu, au akisinzia hadi haitiki vizuri, msisubiri kuche, tafuteni gari.

Dada wa Sikonge: Maji nimkatie?

Zamu ya Usiku: Usimkatie hata kidogo, mpe maji matupu kila akitaka. Soda, juisi na asali ndivyo vya kuondoa. Beba karatasi za vidonge, na uwaambie wazi ameacha lini.

Dada wa Sikonge: Sawa. Anapumua kawaida, yuko macho. Nalala chumba kimoja naye.