Je, askari wasio na sare wanaweza kunilazimisha nifungue simu njiani?

Mkaazi wa Majengo
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mdogo wangu, anayefanya kazi ya usiku bandarini, alisimamishwa karibu na Buxton, hapa Mombasa, na wanaume watatu walioteremka kwenye gari lisilo na alama ya polisi. Walisema ni askari, lakini alipowaomba vitambulisho wakamwambia anajifanya mjuaji. Walimpekua mifuko, wakamtaka afungue simu wasome jumbe zake, kisha wakamtajia pesa za kumwachilia. Kosa lake hakuambiwa mpaka mwisho. Sheria inasemaje? Vijana mtaani wameanza kuliona jambo hili kuwa la kawaida, nami sikubali.

Msaidizi wa Sheria, Tononoka
Waaleikum salaam. Mpe pole mdogo wako. Askari anaruhusiwa kumkamata mtu bila waranti, ila lazima awe na sababu ya msingi ya kumshuku, na kuwa kijana anayetembea usiku si sababu. Akikukamata, Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamtaka akueleze mara moja, kwa lugha unayoifahamu, kwa nini umekamatwa. Kinakupa pia haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata iwapo muda huo umeishia siku mahakama haiketi.

Kuhusu simu, Kifungu cha 31 kinalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inamtaka askari anayetafuta data iliyohifadhiwa aombe kwanza waranti mahakamani. Kwa hivyo mwambie kwa upole kwamba hukubali kuifungua. Pesa walizoitisha ni hongo, na sheria humwadhibu anayepokea na anayetoa pia.

Mama Zulekha
Dada zetu nao wajue kwamba mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake tu, kwa kumhifadhia heshima yake. Niliwahi kushushwa kwenye matatu njia ya Kisauni, askari mwanamume akaunyooshea mkono mkoba wangu na buibui langu kwa pamoja. Mkoba nilimpa; mwilini nilikataa kuguswa mpaka aitwe askari wa kike, na abiria wote wakaniunga mkono.

Mzee wa Likoni
Yote hayo ni kweli, lakini wanangu, usiku mbele ya mtu mwenye bunduki msibishane wala msikimbie. Wekeni mikono ionekane, ulizeni jina, kituo na sababu, kisha yashikeni kichwani: saa, mahali, namba ya gari. Asubuhi nendeni kituoni mkaandikishe malalamiko katika kitabu cha matukio, yaani OB, na msiondoke bila namba ya OB. Aliyepigwa aende hospitali na ajaziwe fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandikia majeraha. Wakikataa kuandika, pigieni IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, kwa namba 1559, bila malipo. HAKI Africa na MUHURI, mashirika ya kutetea haki za binadamu, nao wako hapa hapa Mombasa.

Mkaazi wa Majengo
Shukran sana, mzee wangu, nanyi nyote. Anakumbuka herufi za mwisho za namba ya gari, na kamera ya duka lililo mkabala huenda ilinasa tukio. Kesho nitamwomba mwenye duka asizifute picha hizo kabla hatujafika kituoni.