GPS ya mkononi: nianze na ramani au na programu endeshi?

Mpima_Moro: Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimekabidhiwa GPS aina ya Garmin eTrex 20 kwa ajili ya kuhakiki mipaka ya mashamba hapa Morogoro. Ramani iliyomo ni ile ya dunia nzima iliyokuja nayo, ambayo haioneshi njia za vijijini, na programu endeshi haijasasishwa tangu kifaa kinunuliwe. Zimo pia alama za vigingi zilizochukuliwa na wenzangu, nami sina nakala yake. Je, nianze na lipi, na alama hizo zitasalimika?

Kigingi: Anza na hizo alama. Unganisha kifaa na kompyuta kwa waya wa USB, fungua folda ya Garmin, kisha unakili folda nzima ya GPX (yenye mafaili ya alama) iliyo ndani yake. Kwa kawaida kusasisha hakufuti alama, lakini kigingi kikishang'olewa shambani, alama yake ndiyo ushahidi pekee uliobaki.

Programu endeshi hupakuliwa kwa Garmin Express, programu ya kompyuta ya Garmin wenyewe. Weka betri mpya kwanza, kwa sababu umeme ukikatika wakati kifaa kinajisasisha, huenda kisiwake tena. Ramani ni jambo jingine kabisa, wala huhitaji kununua: zipo tovuti zinazotoa bure ramani za OpenStreetMap (ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea) katika faili la .img, nawe utaliweka kwenye folda uliyoipa jina Garmin ndani ya kadi ya microSD yenye mfumo wa mafaili wa FAT32. Vifaa vya zamani zaidi hudai faili liitwe gmapsupp.img, chako hakina masharti hayo.

Mzee_wa_Ramani: Nakubaliana na ndugu Kigingi, ila niongeze kwamba ramani mpya haikipi kifaa usahihi zaidi; hata penye anga wazi, kosa la mita kadhaa ni la kawaida, kwa hiyo mgogoro wa mpaka usiamuliwe kwa kifaa hiki. Baada ya kusasisha, kagua mipangilio ya datumu, yaani msingi ambao namba za mahali hupimwa kutokea kwake. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimechorwa kwa datumu ya Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84, na ukizichanganya utakosea kwa takriban mita 300, yaani utasimama katika shamba la mtu mwingine. Kagua na kanda ya UTM (mfumo wa gridi unaoigawa dunia katika kanda zenye namba): Morogoro mjini ni 37 kusini, lakini Dodoma ni 36.

Mpima_Moro: Ahsanteni sana. Nikibadili datumu, alama za zamani hazitahama?

Mzee_wa_Ramani: Hazitahama. Faili la GPX huhifadhi kila alama kwa WGS 84, na kinachobadilika ni namba zinazooneshwa kwenye skrini tu. Hatari ipo unapoingiza kwa mkono namba zilizosomwa kwenye ramani ya karatasi: hapo datumu ya kifaa ni lazima iwe ile iliyoandikwa pembeni mwa ramani hiyo.