Nataka kununua Cessna 172 ya 1978, mama watoto anaogopa. Naombeni ushauri wa kweli

Mchimba_Visima:
Habari zenu wakuu. Naomba niende moja kwa moja maana hili jambo linaninyima usingizi mwezi wa pili sasa.

Mimi nachimba visima vya maji, ofisi iko Arusha ila kazi nyingi ziko Dodoma na Singida. Kwa gari ni zaidi ya kilomita 400 kwenda Dodoma, siku nzima imeisha hapo, na mashine ikiharibika saiti vijana wanakaa wananisubiri mimi na spea. PPL (leseni ya rubani binafsi) niliipata mwaka juzi, nina masaa 71 ya kuruka, medikali ya klasi 2 (cheti cha afya cha rubani) iko hai. Kwa sasa nakodi ndege ya chuo lakini siku ninayoihitaji ndo siku wanafunzi wameijaza.

Sasa kuna Cessna 172N ya mwaka 1978 iko kiwanja cha Wilson Nairobi, namba za 5Y (usajili wa Kenya). Bodi ina masaa 9,400, injini ina masaa 1,720 toka ifanyiwe ovahoo (kufunguliwa yote na kufanywa upya) mwaka 2011. Mwenyewe alihama nchi, imepaki nje miezi 14 haijaruka. Bei siitaji hapa ila ni nzuri, nzuri kiasi kwamba nikiuza trekta moja na kiwanja nafika. Rangi safi, viti vimeshonwa upya, nilipokaa mle ndani aisee nilijiona nimeshafika Dodoma.

Mama watoto amesema neno moja tu, "hela ni zako ila watoto ni wetu wote", na toka hapo hajaongea tena hiyo habari. Naombeni mnaojua mniambie, ninunue au niache? Na kama nikinunua, mtu wa masaa 71 anaishi vipi na ndege yake hadi azeeke?

Spana_Hanga:
Mkuu mimi ni fundi wa ndege, nina miaka 19 chini ya hizi Cessna. Achana na rangi na viti. Soma tena ulichoandika: imepaki nje miezi 14. Hapo ndo kesi yote ilipo.

172N ya 1978 inakuja na injini ya Lycoming O-320-H2AD, hosipawa 160. Kwenye Lycoming hizi kamshafti (shafti inayofungua valvu) iko juu, kranki (inayozungusha propela) iko chini. Injini ikizimwa oili yote inashuka, kamshafti inabaki imevaa utando mwembamba tu. Wiki ya kwanza sawa, mwezi bado bado, lakini miezi 14 ya baridi ya asubuhi ya Nairobi na unyevu, utando unakwisha, chuma kinabaki uchi, kutu inaingia. Siku unaiwasha inawaka vizuri tu, inaunguruma vizuri, wewe unafurahi. Kumbe ile kutu inakula uso wa kamu (nundu za kamshafti) na lifta (vipande vinavyosukumwa na hizo nundu) kidogo kidogo, vipande vinaenda kwenye oili, na baada ya masaa 50 au 100 unaanza kuona vumbi la chuma kwenye filta. H2AD ina historia mbaya zaidi kwenye hilo eneo, ndo maana kuna kiongezi cha oili cha Lycoming, LW-16702, ambacho ni lazima kwa injini hiyo, sio hiari. Tafuta kwenye logibuku kama walikuwa wanaweka na kila baada ya masaa mangapi.

Habari njema ni kwamba kwenye hii H2AD lifta zinatoka bila kupasua injini. Kwa hiyo usikubali kuambiwa "haiwezekani kuangalia". Inawezekana. Fundi wako, sio fundi wa muuzaji, atoe lifta aziangalie uso kwa tochi, afungue filta ya oili aikate, aikunjue ile karatasi juani na apitishe sumaku. Na apige picha.

Na hesabu yako ya masaa haijakamilika. Lycoming wanasema ovahoo kila masaa 2,000 au miaka 12, kinachotangulia. Ovahoo ya 2011 ilishapitisha miaka. Usiseme umebakiwa na masaa 280, hesabu kama umebakiwa na sifuri, ukipata zaidi ni bahati yako.

Kingine watu wanasahau, reli za viti. Kaa kiti cha rubani, kifunge kwenye pini, halafu sukuma kwa miguu kurudi nyuma kwa nguvu zako zote. Matundu ya reli yakichakaa pini inachomoka. Fikiria uko kwenye ranwei umeweka moto wote, pua inanyanyuka, kiti kinateleza nyuma na mkono wako umeshika usukani, unauvuta wote kifuani. Ndege inapanda kama ukuta halafu inastoli (bawa linaacha kubeba) iko futi mia. Watu wamekufa hivyo na ukaguzi wa reli ukawekwa wa lazima. Nimeshaona 172 yenye kapeti mpya kabisa na reli zimeliwa hadi tundu limekuwa kama yai.

Mchimba_Visima:
Daah mkuu asante sana. Hilo la kiti nilikaa dakika kumi sikusukuma hata mara moja. Kwa hiyo bei nzuri ndo imeshabeba injini ndani yake.

Spana_Hanga:
Ndivyo. Fanya bei uliyoambiwa kujumlisha injini nzima ya kufanyiwa ovahoo. Ikiwa bado unaimudu, endelea. Ikiwa haiwezekani, maana yake huimudu hiyo ndege, unamudu bodi yake tu.

Kapteni_Kisongo:
Kijana wangu, nimefundisha kuruka miaka mingi hapo Arusha na Wilson. Fundi ameongea ya chuma, mimi niongee ya hewa na ya kichwa chako.

Kiwanja cha Arusha kiko futi 4,550 juu ya bahari. Kwa kimo hicho joto la kawaida la vitabuni ni nyuzi 6. Saa nane mchana mwezi wa pili Kisongo, hapo kiwanja kilipo, iko nyuzi 28. Piga hesabu, ndege inajiona kama iko futi 7,200 hivi. Injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila futi 1,000, kwa hiyo zile hosipawa zako 160 zimebaki kama 125, na bawa nalo linakata hewa nyepesi, na propela vilevile. Wilson ndo zaidi, futi 5,536. Kabla ya kuruka vuta ile nobu nyekundu ya mchanganyiko wa mafuta na hewa upate RPM (mizunguko ya injini) ya juu kabisa ukiwa umesimama na moto wote, kitabu cha 172N kinasema hivyo kwa viwanja vya zaidi ya futi 3,000. Wanaojifunzia Dar wakija huku wanaisukuma yote mbele kama walivyozoea, injini inakoroma kwa mafuta mengi na hawajui kwa nini ndege haipandi.

Sasa uzito. 172N mwisho wake ni kilo 1,043. Ikiwa tupu na redio zake sema 660, utaipata namba kamili kwenye karatasi ya mizani ya ndege yenyewe, usikubali ya kukisia. Mafuta yakijaa, lita 151 zinazotumika, ni kilo kama 109. Zimebaki 274. Wewe, fundi wako wa mashine, kijana mmoja na pampu ya kisima? Haiendi. Viti vinne sio watu wanne, hasa Arusha mchana.

Lakini hayo yote yana namba na namba zinafundishika. Kinachonitia wasiwasi kwenye andiko lako ni hapo uliposema vijana wanakusubiri wewe na spea.

Nikusimulie. Mwezi wa saba, natoka Dodoma narudi Arusha asubuhi, nyuma nimebeba mama mmoja na binti yake, kuna sendofu ya ndugu yao jioni. Unajua Arusha ya mwezi wa saba, wingu linalala chini kama blanketi hadi saa tano sita. Badala ya kusubiri nikajiambia nitafuata lami ya Makuyuni hadi nyumbani. Wingu likashuka, na mimi nikashuka, likashuka tena nikashuka tena. Mama nyuma anauliza tutawahi? Nikamjibu tutawahi. Nikageuza shingo kulia nikaona nguzo ya umeme. Sio chini yangu. Ubavuni. Niliona hadi vikombe vile vya nyaya. Nikageuka kushoto, nikarudi nikatua Manyara, miguu haikunibeba kushuka. Nilikuwa na masaa zaidi ya 3,000 siku hiyo. Wale wakafika sendofu kwa taksi, wamechelewa, wamekula, wamecheza.

Mtu asiye na mafunzo ya kuruka kwa kutazama vyombo tu akiingia ndani ya wingu sikio linamdanganya, anahisi amenyooka kumbe amelala ubavu anazunguka kushuka. Chuo kikuu cha Illinois walijaribu hilo na wanafunzi 20 mwaka 1954. Wote 20 walipoteza ndege, na wastani ulikuwa sekunde 178. Hata dakika tatu hazijafika. Na sio lazima liwe wingu, John F. Kennedy mdogo tarehe 16 Julai 1999 alikuwa anaenda harusini, akachelewa kuondoka, giza na ukungu vikamkuta juu ya bahari bila mstari wa upeo, akafa na mkewe na dada wa mkewe. Ndege haikuwa na tatizo lolote.

Mama_Wawili:
Naomba na mimi niongee maana mume wangu anaruka, na yake ni 172 hiyohiyo.

Kaka, mkeo hajakataa ndege. Mkeo anaogopa kitu ambacho hujamfungulia aone. Mimi miaka ya mwanzo nilikuwa hivyo, nanyamaza, halafu akiwa njiani nampigia simu, "umefika wapi, watoto wamekusubiri chakula, ulisema saa kumi na moja". Nilidhani naonyesha mapenzi. Siku moja mwalimu wake aliniambia taratibu, shemeji, kila ukimpigia hivyo unamsukuma ndani ya wingu. Nililia.

Sasa tuna makubaliano. Kabla hajaondoka ananiandikia kwenye karatasi ya friji atapita wapi, mafuta ya masaa mangapi, na saa ya mwisho ya kuwa ametua, ambayo ni saa moja kabla jua halijazama kwa sababu huku giza linaingia ghafla na viwanja vingi havina taa. Simpigii kumuuliza. Akilala Dodoma analala, siulizi kwa nini. Na mimi nina haki ya kusema leo hapana, mara moja, bila kutoa sababu, na yeye habishani. Nimeitumia mara mbili tu kwa miaka sita. Mpe mkeo hiyo haki kwanza, ndege baadaye.

Mchimba_Visima:
Dada yangu nimesoma hii mara tatu. Nimempa na yeye asome, amerudisha simu akasema "huyu mwanamke ana akili".

Kapteni shikamoo. Umenishika pabaya. Ni kweli kwenye akili yangu ndege ilikuwa ya kuwahi. Nikifikiria mashine imesimama Singida na mteja anapiga simu, sidhani kama ningesubiri wingu lipande.

Kapteni_Kisongo:
Marahaba. Basi usiuze gari. Mteja usimwambie nafika saa nne, mwambie nafika leo au kesho. Spea ya haraka tuma kwa basi la usiku, wewe uende asubuhi ukisikia hali ya hewa. Masika mchana usiwepo angani kabisa, mawingu ya ngurumo yanaota wakati unakunywa chai.

Tone_la_Bluu:
Niongezee la mafuta, mimi nilikuwa najaza ndege. Iliyopaki nje miezi 14 mvua imeipiga kofia za matangi, mpira wake ukikauka maji yanaingia kwenye bawa. Chukua kile kikombe cha plastiki, dreini chini ya kila bawa na pale chini ya injini. Avgas (petroli ya ndege kama hii) ni ya bluu, maji yanakaa chini kama ushanga unaotembea. Ila kuna mtego, kikombe kizima kikiwa maji hakuna ushanga, utaona kitu cheupe kisafi unadhani ni sawa. Tafuta ubluu, kishike mbele ya kitu cheupe. Nusa. Na ukijaza, simama hapo mwenyewe uangalie bomba, Jet A-1 (mafuta ya ndege za jeti) ikiingia kwenye injini yako itakupeleka hadi mwisho wa ranwei halafu basi. Avgas yenyewe haipatikani kila kiwanja, kwa hiyo panga ya kwenda na kurudi. 172N inakula kama lita 32 kwa saa, Dodoma ni saa moja na dakika 40 hivi kila upande, unaweza kurudi bila kujaza na bado una akiba, lakini pima kwa kijiti ndani ya tangi, geji za Cessna usiziamini.

Mchimba_Visima:
Wakuu narudi na mrejesho baada ya wiki tatu.

Nilimtuma fundi wangu Wilson. Filta ilikuwa na vumbi la chuma, sio vingi, lakini sumaku ilivuta. Akatoa lifta, tatu zina vishimo usoni, amenitumia picha, zinaonekana kama ndui. Kiti cha kulia kilichomoka kwenye reli alipokisukuma. Kiongezi cha oili logibuku inakionyesha hadi 2019 halafu kimya. Muuzaji amesema atashusha bei, na amekubali kwamba ikiuzwa KCAA (mamlaka ya anga ya Kenya) waifute kwanza ndo TCAA (ya Tanzania) waiandikishe 5H, namba za kwetu. Sijamjibu. Kuna jamaa wawili hapa Arusha, mmoja daktari mmoja mkulima wa kahawa, wanataka tuwe watatu kwenye ndege moja na tufanye ovahoo kabla haijavuka mpaka. Jumatatu tunakaa na karatasi.

Jumamosi hii naruka na mwalimu, saa moja na nusu asubuhi, kutua na kuondoka tu. Sikuwa nimefanya hivyo siku 90 zilizopita, na bila kutua mara tatu ndani ya siku hizo sina ruhusa ya kubeba abiria. Mama watoto nilimwambia aje akae kiti cha nyuma. Amesema hapana, atakaa kwenye uzio na watoto ahesabu nikitua mara ngapi.