Tranka la mzee mchoraji: kaka anataka kuchoma "makaratasi"

MjukuuWaRungwe
Wakuu, habari za jioni. Baba yetu alifariki mwezi wa pili. Alikuwa mchoraji wa kuta hapa Mbeya: mabucha, saluni, baa, ramani madarasani, na Yesu mmoja mkubwa nyuma ya madhabahu ya kanisa upande wa Tukuyu. Kuta nyingi zimeshapakwa rangi za kampuni za simu. Kilichobaki ni tranka la bati.

Ndani kuna madaftari ya michoro yenye viboksi vya penseli (ndivyo alivyokuwa akikuza mchoro mdogo ukajaa ukuta), barua za wateja, stakabadhi za rangi, na maboksi ya sigara aliyojaribia rangi. Kaka anataka michoro tuitie fremu, mengine yachomwe. Nimelikalia tranka, si utani, ndipo ninapoandikia. Zilizochanika nimeziunga na selotepu. Nifanyeje?

Karani Mstaafu
Pole kwa msiba, mwanangu. Selotepu ikome leo. Gundi yake hugeuka kahawia na kuingia kwenye karatasi. Uliyokwisha kubandika usiibandue, utaondoka na mchoro. Pini na klipu zenye kutu toa polepole. Usithubutu kupeleka steshenari zikavalishwa plastiki ya moto, hakuna kurudi nyuma hapo.

Kubwa zaidi: usipange upya. Stakabadhi uliyoikuta ndani ya daftari ibaki humo humo, maana ndiyo inayosema rangi ile ilikwenda ukuta gani. Piga picha kila ukurasa jinsi ulivyo, dirishani, bila flashi. Ukiandika chochote, penseli, tena nyuma. Tranka liinue juu ya matofali kabla ya mvua za Novemba. Mchwa hawabishi hodi.

Mzee wa Mafiati
Angekuwa Sam Ntiro, ambaye mchoro wake uko Museum of Modern Art kule New York, ningeelewa. Stakabadhi za chokaa nani atazisoma?

Binti Iringa
Mimi nitazisoma. Mdau, fika Boma la Iringa, lile jengo la Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016, uulize kama wanapokea. Nenda na picha za simu tu, tranka liache nyumbani. Na mwambie kaka: akiuza mchoro ameuza karatasi, hakimiliki inabaki kwenu miaka 50 baada ya kifo cha mzee.

MjukuuWaRungwe
Ndaga fijo, asante sana, Karani. Selotepu nimeitupa.

Mzee wa Mafiati, jana nimefungua daftari la ramani ya Afrika, darasa la tano. Stakabadhi imo, nyuma mzee kaandika: "Bluu imeisha. Ziwa Nyasa nitarudi kulipaka Jumatatu." Nikamsomea kaka kwenye simu. Akanyamaza. Yeye alisoma darasa hilo, anasema mpaka anamaliza la saba ziwa lilikuwa jeupe.